Chama Kilichozaliwa Malaz

Malaz, Riyadh
8 Februari 2014

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai miguu imepungua kuvimba, na kaka Hamdan na watoto wake hawajambo. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo inayowaka. Barua hii nampa Sellah, nesi Mkenya wa wodini kwetu anayekuja Jeddah, maana simu siziamini tena.

Unamkumbuka Dokta Siddig, yule Msudani mwenzake baba, aliyekuja kumzika. Mwezi uliopita mtoto alimfia mikononi wodini. Mashine ya kumsaidia kupumua ilizimika. Siddig alikuwa akiilalamikia tangu Ramadhani, na mimi nilikuwapo alipomwambia mkurugenzi wa hospitali. Alijibiwa kwamba madaktari wamejaa Khartoum, asiyependa aondoke. Mtoto alipokufa, mkurugenzi akawaambia wazazi kuwa daktari alilala. Sasa Siddig yuko rumande, mama, na mkewe ana mimba.

Tulikwenda madaktari wenzake kumwombea. Mkurugenzi akatuuliza, "Nyinyi ni nani, hata mumsemee?" Basi Ijumaa tulikutana kwangu, majirani tukawaambia ni akika, karamu ya mtoto, tukaunda chama: Umoja wa Madaktari wa Kisudani Walio Ughaibuni. Nimechaguliwa katibu. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Nakubusu mikono.
Mwanao, Hala


Ghulail, Jeddah
15 Februari 2014

Hala,

Marahaba. Nilikuwa mzima, Alhamdulillahi, mpaka nilipoifungua barua yako.

Una akili wewe? Chama, nchi hii inayovipiga marufuku? Wazee wangu waliikimbia Unguja mwaka wa sitini na nne, mimi nikiwa mgongoni, na waliyoyakimbia yalianza hivi hivi: watu kujifungia chumbani na kuchagua makatibu. Tangu siku hiyo tunaishi kwa ikama, vibali vya ukaazi vya mwaka kwa mwaka. Yangu na ya Hamdan zimo mkononi mwa Abu Fahd, kafili anayetudhamini. Akikasirika tutakwenda wapi? Mimi Sudan ninayoijua ni marehemu baba yako tu.

Siddig namwonea huruma, na mkewe nitamtumia nguo za mtoto. Wewe una wagonjwa, watibu. Huo ukatibu warudishie waliokupa, waambie mama amekataa. Ukiendelea nao, usiniandikie.

Mama yako


Malaz, Riyadh
2 Machi 2014

Mama,

Shikamoo. Umesema nisikuandikie, nami naandika, basi nikasirikie mara mbili. Afya ninayo. Usingizi ndio sina.

Juzi tulikutana kuandika waraka wa kumtetea Siddig. Dokta Mutasim, mwenyekiti wetu, aliyekuwa akisema kwa sauti kuliko sote, alitaka uende bila majina. Tuandike "Umoja" tu, asijulikane mtu. Wanaume wazima wakaafiki kwa vichwa. Nikawaambia, "Siddig ana jina, na jina lake liko polisi. Sisi yetu tunamfichia nani?" Nikaandika langu juu kabisa. Mutasim akachukua koti lake akatoka. Waliobaki wakatia saini mmoja mmoja. Asubuhi yake waraka ulimfikia mkurugenzi, na nakala tukampa wakili.

Unaniambia nitibu wagonjwa. Kwa mashine zipi? Yule mtoto alikuwa na mama. Mpaka leo anaamini mwanawe aliuawa na usingizi wa daktari. Hilo wewe unalikubali?

Mwanao, utake usitake,
Hala


Ghulail, Jeddah
20 Machi 2014

Hala,

Marahaba. Sisi wazima. Hasira zangu na wewe sijazimaliza.

Jana Abu Fahd alikuja, akaingia na viatu mpaka ndani. Mkurugenzi wako alimpigia simu. Akaniamrisha nikupigie palepale, mbele yake, nikwambie ufute jina lako. Hamdan akanitia simu mkononi. Na mimi, wallahi, hilo ndilo nililokuwa nikilitaka mwezi mzima. Lakini nilimwuliza kwanza Abu Fahd kama anajua yule mtoto alikufa kwa nini. Akasema watoto wanakufa, yalla, piga.

Nikaiweka simu chini. Nikamwambia, "Mwanangu ni daktari. Mimi simfundishi uongo."

Akasema halas, basi, mwisho wa mwezi ujao tuhame nyumba yake na tutafute kafili mwingine, mimi na Hamdan. Hamdan hasemi na mimi. Ana haki, ana watoto. Mimi sijui tena hasira nizielekeze kwa nani.

Jina usilifute.

Mama yako


Khartoum
9 Aprili 2014

Mama,

Shikamoo. Usishtuke na anwani, mimi mzima. Wakili alipoupeleka waraka wetu, hakimu alimwita fundi wa mashine, na fundi akasema kweli. Siddig ametoka.

Kesho yake nikapewa huruji, ruhusa ya kuondoka moja kwa moja bila kurudi. Mtu wa ofisi alinisimamia kichwani nikifunga sanduku. Nikamwomba anipitishe Jeddah nikuage. Akasema mafi, hakuna.

Niko kwa shangazi, dada yake baba. Ananipikia, ananiita shujaa mbele ya wageni, na kila akiniita hivyo nataka kuvunja kitu. Chama kipo, kimefika hadi Dammam. Lakini mimi sikukuona.

Mwanao, Hala


Ghulail, Jeddah
24 Aprili 2014

Hala, roho yangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na sisi tunapumua. Barua yako niliisoma mara moja, ya pili sikuweza.

Jana Siddig na mkewe walipita hapa kabla ya kupanda meli ya Suakin. Sikutaka kumwona. Nilimfungulia mlango na maneno yangu yako tayari: kwamba yeye amerudishiwa uhuru na mimi nimepokonywa mwanangu. Akainama akanibusu kichwa. Maneno nikayaacha. Nikawapikia.

Walisindikizwa na madaktari wawili wa hapa Jeddah, wanawake wa Kisudani. Kahawa ilipokwisha, mmoja akaniuliza, kwa aibu, kama najua nyumba yoyote wanayoweza kukutana watu wa chama, maana kwao hawathubutu. Hamdan akanikata jicho. Kafili mwingine bado hatujapata.

Mimi sikuiti shujaa, wala wewe usiniite. Nilitaka mwanangu, basi, na walioninyima kukuaga sitawasamehe.

Ila mpaka mwisho wa mwezi funguo za nyumba hii ninazo mimi. Nimewaambia waje kesho baada ya sala ya Ijumaa.

Mama yako