Miti ya Mpakani

Jumatatu, 4 Machi

Wengi hukosea hapa: hupanda mti shambani, kisha huuacha ujilee. Mahindi yakidhoofu, mti ndio mwizi.

Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, amenisimamisha mpakani. Maneno yetu ya kwanza tangu mazishi! Jumamosi anamleta fundi wa msumeno wa mashine. Miti yote ya mpakani chini. Ati inamnyima jua na kumnywea maji. Nikaanza kumweleza habari za mizizi. Akasema nisijichoshe, yeye si mwanafunzi wangu.

Tuliipanda na mke wangu, mche kwa mche. Lakini mpaka ni wa pande mbili. Siwezi kumkatalia tu.

Jumatano, 6 Machi

Nimechukua madonge mawili ya udongo mkavu, kila moja kama njugu. Moja la chini ya miti, jingine la katikati ya shamba, pasipo na kivuli. Nikayatia kwenye glasi mbili za maji.

La katikati limesambaratika papo hapo — uji mtupu. La chini ya miti limekaa vilevile. Sababu ni hii: majani yanayooza hulisha minyoo na kuvu, na ute wao pamoja na vijizizi hushikanisha udongo, ukabaki na vitundu vya kupitishia maji. Mvua huzama, haikimbii na rutuba hadi mtoni.

"Unaona?" nikasema kwa sauti.

Nilikuwa namwambia nani? Kiti cha pili kiko pale pale. Glasi nimeziacha mezani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimembebea shemeji glasi zangu hadi mlangoni. Hakunikaribisha ndani, ila aliinama akatazama.

— Haya, mwalimu, udongo wako mzuri. Sasa inua shingo. Jua liko wapi?

Nikainua. Matawi yamefungamana kama paa, yote yameelemea kwake!

Akasema dada yake alikuwa akipanda ngazi kila mvua zikikaribia. Akipogoa upande huu na kumtandazia matawi shambani. Jua juu, mbolea chini. Wakipiga soga mpaka jioni.

— Tangu aondoke, wewe unatazama chini tu. Mwanamume mzima, unakaa na matope kwenye glasi!

Akacheka. Nami nikacheka — sikumbuki mara ya mwisho lini. Kisha akajifuta macho kwa kiganja. Barazani kwake nako kuna kiti kimoja tu.

Na fundi? Ameshaambiwa aje, akasema. Akafunga mlango, polepole.

Jumamosi, 9 Machi

Mashine imenguruma mpakani. Ikazimwa. Namsikia fundi akiuliza aanze na mti upi. Nimechungulia dirishani: shemeji amesimama chini ya mti wa kwanza, anatazama huku nyumbani.

Naandika nikiwa wima jikoni. Msumeno wa mkono wa mke wangu unaning'inia nyuma ya mlango, meno yana kutu kidogo. Magoti yangu hayaipendi ngazi. Atakayeishika yuko pale nje, kama atakubali.

Wingu limeanza kutanda. Fundi anauliza tena.

Leo: toa ngazi, upogoe mti wa kwanza upande wa shemeji, matawi yaangukie shambani kwake.