Taa Juu ya Kiti cha Kapteni

Jumatatu, 3 Machi

Msimu wa pili wa tamthilia yetu umeanza kwa kichekesho. Mwongozaji katukusanya waigizaji wote asubuhi, akatangaza: kuanzia leo tuishi kwa vyeo vyetu, hata kamera ikizimwa. Eti msimu uliopita tulionekana kama watu wanaosubiri basi, si maofisa wa chombo cha anga!

Mimi Ofisa wa Tatu nikiwa na neno, nimwambie wa Pili. Wa Pili amwambie wa Kwanza, wa Kwanza amwambie Kapteni. Kapteni peke yake ndiye amwendee mwongozaji. Atakayeruka ngazi, mhusika wake atafia angani. Tulicheka hadi machozi. Ofisa wa Pili ni shemeji yangu, mume wa dada. Kanipigia saluti na kikombe cha chai mkononi, ikammwagikia kifuani.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna anayecheka tena. Mwenzetu anayeigiza daktari wa chombo alimwendea mwongozaji moja kwa moja, kuomba ruhusa ampeleke mama yake hospitali. Leo tumepewa skripti mpya. Daktari katoka nje ya chombo kurekebisha mtambo, kamba imekatika. Ukurasa wa pili tu! Mwenzetu kafungasha vitu vyake bila kuaga.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi seremala alikuja kukaza meza yangu ya usukani, akaninong'oneza. Ile Bangili — duara la chuma na taa linaloning'inia juu ya kiti cha Kapteni — bolti mbili zimelegea. "Dada, mimi humu sina cheo. Sema wewe."

Nikamwambia Shemeji. Shemeji akamwambia Ofisa wa Kwanza. Na hapo ndipo neno lilipokwama. Huyo mama na Kapteni hawasemezani tangu Kapteni amnyang'anye mistari minne ya skripti. Kasema atamwambia siku Kapteni atakapomsalimia kwanza. Watu wazima hawa!

Jumatano, 12 Machi

Bangili imelia leo, katikati ya onyesho. Kapteni katazama juu, kasogeza kiti kidogo, kaendelea kuhutubia sayari. Hajaambiwa kitu, ni dhahiri. Nilitaka kumwambia mwenyewe. Kisha nikamkumbuka daktari. Nafasi hii nimeisubiri miaka sita. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyowaza.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kwenye meza yangu ya usukani, daftari nimelificha chini ya skripti.

Leo Kapteni na Ofisa wa Kwanza wako kwao. Kwenye hadithi wametekwa na adui. Kwa hiyo amri ya chombo imeshuka kwa Shemeji, na kiti pia. Dada kapiga simu asubuhi, furaha tupu, kasema amempigia pasi sare kwa mkono wake. Kaniomba nimwangalie mumewe.

Onyesho ni la kushambuliwa. Vijana wanane wanatikisa jukwaa kwa vyuma, ili chombo kionekane kinapigwa. Nguzo zinazoibeba Bangili zimesimama kwenye jukwaa hilohilo! Wamelijaribu mara moja, kitu kikadondoka sakafuni. Nati. Ninayo mfukoni.

Nimemwonyesha Shemeji. Nikamwambia leo yeye ndiye wa juu, amwendee mwongozaji. Kasema kwa sauti ya chini: akilalamika siku yake ya kwanza kwenye kiti, watasema amekiogopa.

— Fundi anapunga mkono kule mlangoni. Walinzi wamemzuia, taa nyekundu ya kurekodi imeshawaka. Mwongozaji yuko hatua kumi kutoka hapa nilipo, amenipa mgongo.

— Nimesimama. Nimeliita jina la mwongozaji kwa nguvu. Studio nzima imegeuka. Kabla sijatoa neno la pili, Shemeji kaniamuru niketi. Si kwa sauti yake ya nyumbani. Mwongozaji katabasamu, kasema hapohapo, hiyohiyo sauti, kamera ziendelee.

Nimeketi. Mungu wangu, nimeketi! Vijana wameshika vyuma.