Iulize Imetoka Saa Ngapi

Masanja rafiki yangu,

Wabeja! Naanza na asante, maana nikianza na salamu nitalia. Mama Kulwa hakufukuzwa. Yule mama anayelinda feni ya kushusha hewa kwenye duara, shimoni kwa wachimbaji, uliyekuwa ukimtania kwamba anaipenda kuliko mumewe, leo yuko kazini kwake, anaimba vibaya kama kawaida.

Juzi feni ilikata, wachimbaji wakatoka shimoni wakikohoa. Wote wazima, Mungu mkubwa. Lakini walivyomvaa mama wa watu! Eti ameizima akaenda kununua mihogo. Meneja akasema tutazame kumbukumbu za mitambo kwenye mfumo uliotujengea. Nikatazama. Ghala la kumbukumbu tupu! Ofisini Nyasubi umeme ulikuwa umekatika, seva imelala, saa zile hazina hata mstari mmoja. Meneja akamwambia Mama Kulwa afungashe. Ndugu yangu, nilikuchukia kidogo, wewe na mfumo wako.

Ndipo nikaikumbuka foleni. Si ndiyo nilikuwa naicheka? Ulitaka kila mtambo uwe na kifaa chake chenye betri, habari zisubiri humo mpaka ghala lizipokee na kuzipanga zitafutike. Nikakwambia unajenga nyumba ya sebule tu, isiyo na vyumba. Ukang'ang'ania tena kila habari ibandikwe saa pale pale inapozaliwa. "Usiiulize imefika saa ngapi, iulize imetoka saa ngapi." Ulisema ndivyo mama yako anavyopokea wageni wa msiba kule Samuye.

Umeme uliporudi Nyasubi, habari zilizokuwa zikisubiri zikamiminika. Zilichelewa, lakini kila moja ilikwenda kukaa mahali pake. Kumbe umeme wa duara ulishuka nguvu kwanza, feni ikajizima yenyewe, na Mama Kulwa akabonyeza kuiwasha, akabonyeza tena, na tena. Nilizisoma kwa sauti mbele ya wote. Meneja akamwomba radhi. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, Masanja. Nimepumua.

Siku ya mazishi yako gari letu lilikwama kwenye tope. Nilifika umeshafukiwa. Nikampa mama yako shikamoo, nikashindwa kumtazama. Akanishika mikono, akauliza tu, "Umetoka saa ngapi, mwanangu?" Nikasema alfajiri. Akaenda kunikalisha mbele, pamoja na waliokuzika.

Lala salama. Foleni yako hakuna atakayeigusa nikiwa pale, nakuahidi. Na barua hii najua imechelewa. Ilitoka alfajiri ile ile.