Kitana Chako na Uzi Wangu

Hospitalini, Kisangani
Jumapili

Veronika wangu, mke wangu (neno hilo ninaliandika polepole ili nilionje),

Umeamkaje huko Basoko? Kifua cha mama mkwe kimetulia? Niambie yote, hata kuku wakitaga. Mimi kichwa na mikono ni mizima. Kuanzia kifuani kwenda chini, tangu risasi ya waasi iliponivunja uti wa mgongo wiki tatu baada ya arusi yetu, mwili umenyamaza. Moyo tu ndio umekataa kunyamaza, unakuita mchana kutwa.

Ulinitegemea kwa boti ya mwezi huu. Sitakuja, na kosa ni langu. Nisikilize kabla hujanuna.

Unakumbuka kitana cha mti ulichonipa tulipoagana, chenye unywele wako mmoja? Nilikuwa nikilala nacho shavuni. Siku moja kikateleza hadi chini ya kiuno, nikakilalia nisisikie kitu. Tonton Gaspari, ndugu wa mama anayeniuguza, aliponigeuza, muuguzi aliona alama nyekundu zimejipanga makalioni.

“Eh, bwana-arusi! Bibi yako iko Basoko, lakini meno yake iko hapa!”

Wodi nzima ilicheka, na mimi pia. Siku ya nne pakawa kidonda, na hapo hakuna aliyecheka. Daktari alisema kidonda cha asiyesikia maumivu huingia hadi mfupani, na nikilalia mbao za boti kitaniua. Nisisafiri mpaka kifunge.

Sasa Tonton ananigeuza kila baada ya saa mbili, kama samaki juu ya moto, akinigombeza: “Weka mapendo ku roho, mutoto, hapana ku matako!” Mpira wa mkojo nao ukijikunja na mkojo ukazuiwa, kichwa hunigonga na jasho hunimwagika. Mwanzoni walidhani ni malaria. Siku hizi nauangalia mwenyewe, nawe nitakufundisha. Namwonea Tonton wivu, Vero, kwa kazi iliyo ya mikono yako.

Nasikia shangazi yako anasema umeolewa na kitanda. Mwambie kitanda hiki kinakupenda kuliko wanaume wote wanaotembea. Kisha msalimie, pamoja na mama mkwe, na papa katekista aliyetufungisha ndoa.

Kitana sasa kinaning'inia kwenye msumari, nakitazama tu. Fungua karatasi hii taratibu, usidondoshe kipande cha uzi kilichomo. Huo ndio upana wa kidonda leo, Tonton ameupima. Ule wa kwanza alioupima ulikuwa mrefu mara mbili. Kila barua itakuwa na wake. Siku utakapofungua usikute uzi, tandika godoro la sufi, ushuke mtoni unipokee.

Mumeo, anayelitamka jina lako kila anapogeuzwa,
Alberti