Wimbo Niliokunyima Kaburini

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kwa aibu. Tangu tukuzike sijathubutu kukanyaga kaburini kwako. Unanijua, mdomo wangu haulali, lakini hili limenikaa kooni mwaka mzima.

Juzi nilishuka Morogoro mjini, nikapita penye mkutano wa siasa. Mjomba! Uwanja mzima ulisimama ukaimba wimbo wako, ule uliorudi nao kutoka vita ya Burma, uliofundishwa na dereva mwenzako wa jeshini kutoka Afrika ya Kusini. Ulituambia kwao ni wimbo wa kanisani. Sasa wanasema tukijitawala ndio utakuwa wimbo wa taifa. Mama mmoja akaniambia eti umetungwa na wanasiasa. Nikataka kumrukia, nikakumbuka sina haki hiyo.

Ulipotufundisha kwaya huku Mgeta, nilikuuliza una tofauti gani na wimbo wa Malkia wa Uingereza. Ukasema, "Ule unamwombea mtu mmoja. Huu unatuombea wote, hata wewe na ubishi wako." Tulicheka weee!

Kisha ukaugua. Ukanishika mkono: "Mkinizika, nianzishie ule." Nikaitikia ndiyo, Mjomba. Na kwaya yetu haiimbi mpaka mimi mwanzishaji nifungue kinywa. Siku ya maziko akaja Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali ya wilaya, akasimama karibu na jeneza, kofia mkononi. Wenzangu wote wakanitazama. Serikali ilishauona wimbo ule kuwa wa siasa, nami ni mwalimu wake; nikauona ualimu wangu unaniponyoka. Nikaanzisha wimbo wa Bikira Maria. Wakafuata, wangefanyaje?

Jioni Mama akaniuliza mbona sikuuimba ule wa kaka yake. Nikamjibu ulibadili mawazo kabla ya kukata roho. Ee Mungu wangu! Nilikusingizia wewe, usiyeweza tena kujibu. Wewe uliyeninunulia viatu vya kwanza, uliyenisomesha. Na yule Mzungu niliyemwogopa, labda hata wimbo wenyewe hakuujua.

Nisamehe. Sijui kama inatosha kusema hivyo.

Jumapili ukoo unakutana kaburini kwako kumaliza matanga ya mwaka. Nitasimama mbele ya Mama na dada zako wote, niseme hukubadili lolote, ni mimi niliyeogopa na kudanganya. Watanisema, najua, na dada yako mdogo hatanyamaza mpaka Krismasi. Acha waniseme. Nikimaliza nitauanzisha palepale kaburini, waitikie wasiitikie.

Pumzika, Mjomba wangu. Sauti ikinikatika nivumilie, lakini safari hii sibadili wimbo.

Mpwa wako