Mama Boga Hafi

Hawa, mwanangu,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitalia, na nikilia sitaandika, na leo lazima niandike. Nimeishia darasa la saba, unajua, lakini mwandiko wangu mzuri. Huo mkono wako wa kuchora ulitoka kwangu. Usije ukasema huko uliko kwamba ni wa upande wa baba yako.

Nasibu alikuja wiki iliyopita, baada ya arobaini yako kupita. Mwenzako uliyekuwa ukitengeneza naye magemu, wewe unachora, yeye anahangaika na kompyuta yake. Nilikuwa natwanga kitunguu swaumu cha kupeleka mezani kwangu Kariakoo. Kaingia na shati lililopigwa pasi, "Shikamoo, mama," kashika simu kwa mikono miwili kama kashika msahafu. Gemu la nne la Mji wa Rangi liko karibu kutoka, anataka mimi niwe wa kwanza kuliona.

Nilifurahi, siongopi. Nikawaona wote. Bamia na miguu yake mirefu, mapacha Pilipili wanagombana, Babu Tangawizi na kiuno chake kilichopinda, na Inzi Mkuu, yule mwizi anayefyonza rangi za nyumba mpaka mtaa mzima unakuwa kama majivu. Nikacheza. Mimi nacheza vizuri, hata Nasibu anajua. Gemu la pili nililimaliza mwenyewe, wateja wamesimama mezani wananisubiri. Halafu nikamwangusha Bamia kwa makusudi. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Maana akianguka mara tatu anakuja nani? Anakuja Mama Boga. Mimi!

Unakumbuka nilivyonuna uliponionyesha ile picha mara ya kwanza? Boga la rangi ya chungwa, pana, kanga kiunoni, mdomo wazi. "Mama, nimekuchora wewe." Siku mbili sikusema na wewe, mtu mzima na akili zako unamwita mama yako boga. Siku ya tatu nilikuwa nimeshamwonyesha kila muuza viungo, na wapiga debe, na yule Mhindi wa duka la vitambaa, ambaye kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Mama Boga, leo umeinua wangapi?" Sasa haniulizi. Tangu msiba ananiambia "pole, mama" na anaangalia vitambaa vyake. Wote wananiambia pole, Hawa. Soko zima linanong'ona nikipita.

Na sauti ya Mama Boga ni yangu. Uliniingiza chini ya blanketi kwenye chumba chenu cha kazi pale Ilala ili kelele za gereji zisiingie, joto la kufa mtu, ukaniambia, "Mama, gomba kama unavyonigomba mimi." Nikagomba. "Nyanyuka wee! Nani kakuambia sokoni kuna kitanda?" Watoto wa watu wakawa wanacheka, na wananyanyuka.

Safari hii nimeanguka mara tatu, hakuja mtu. Ikaja filimbi, taratibu, ya huzuni. Bamia kabaki chini. Kisha likatokea kaburi. Kaburi, Hawa, katikati ya Mji wa Rangi, limeandikwa jina lako, na mshumaa unawaka juu yake. Sisi tangu lini tunawasha mishumaa makaburini? Nasibu ananieleza kwa sauti ya chini, eti kamtoa Mama Boga kwa heshima, haipendezi mama mfiwa asikike anapiga kelele kwenye mchezo.

Heshima! Nilimtoa nje na mchi mkononi. Wewe ulisema tangu gemu la kwanza, mimi nipo na Nasibu yupo: katika mji huu hafi mtu. Mtu anaanguka, ananyanyuliwa, basi. Sasa huyu kakuzika mara ya pili, na mimi kaniziba mdomo.

Bi Sharifa, mtani wetu, alikuwa amekaa kibarazani anaona yote. Hukumwona siku ya msiba wako. Alivaa miwani yako, akajikunja mkekani katikati ya wanawake wanaolia, anadonoa simu kwa kidole kimoja: "Mama, nyamaza kidogo, naweka rangi!" Sisi wa Masasi na wao wa Songea ndivyo tulivyo, mtani ana haki ya kufanya mzaha msibani, na alikuiga sawasawa mpaka nikacheka huku machozi yananitoka. Basi alipomwona Nasibu anakimbia na viatu mkononi, akapiga kelele, "Haya, Mama Boga naye kafa! Mimi nataka mbegu zake nikakaange!"

Nikamtukana.

"Ee, kumbe mzima, anatukana! Sasa mimi unanitukania nini? Nenda kamtukane anayehusika."

Nikaushusha mchi. Maana alisema kweli, na anayehusika hakuwa Nasibu peke yake.

Ni wewe. Ulijua moyo wako unaumwa. Ulijua wewe na daktari wako. Dawa nimezikuta kwenye kopo lako la penseli, chini kabisa. Kila nikikuuliza mbona unahema, "Niko poa, mama." Poa! Siku ile niko Kariakoo nawaringia watu gemu la tatu, nawaambia mwanangu kanichora, mimi ndiye ninayeinua mji mzima. Na saa ileile wewe umeanguka sakafuni Ilala, na hukuwa umeniambia kitu. Bamia aniite, mapacha waniite, hata Babu Tangawizi na kiuno chake aniite, halafu wewe, niliyekuzaa, uniambie poa? Ulinichora kwa nini basi?

Niliapa siingii tena kile chumba. Jana nimeingia. Bi Sharifa alinisindikiza mpaka mlangoni, ananitania njia nzima eti boga linapanda ngazi. Kiti chako kipo. Blanketi ni lilelile, bado linanukia mafuta yako ya nazi. Nasibu aliruka, alidhani nimekuja na mchi. Nikamwambia, toa kaburi. Akalifuta mimi nikiwa naangalia. Pakabaki mahali patupu, nikamwambia apapake ile rangi ya manjano uliyoipenda. Akapapaka polepole, maskini, na yeye amefiwa.

Nikaingia chini ya blanketi nikagomba. Yale ya zamani yote. Halafu nikaongeza langu, ambalo wewe hukuniandikia: "Nyanyuka. Na ukiumwa, sema. Usiniambie uko poa. Niite!" Lile "niite" sauti ilipasuka. Nasibu akauliza kama turudie. Nikamwambia liache hivyohivyo.

Basi, mwanangu, Mungu akulaze pema. Bado nimekukasirikia, na nitakuwa hivyo mpaka siku nitakayokuja kukugomba uso kwa uso. Lakini nakuahidi, yeyote atakayeanguka kwenye mji wako, hata akianguka mara mia kwa siku, nitakuja na kanga yangu kiunoni na nitamnyanyua. Wewe hukunipa nafasi. Hao sitawaacha wanisubiri.

Mimi mama yako, boga lako.