Wimbo wa Kushusha

Kampung Pauh Rendah, Tumpat
3 Februari 1992

Mpwa wangu Semah,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta na nafuu kuliko siku ile mama yako alipokupigia simu. Sisi huku hatujambo. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio, na mama yako bado ana kesi na kuku wa jirani.

Kundi letu la maigizo ya vivuli lipo, ila limepungua. Ijumaa iliyopita walikuja vijana wanne. Yeh amekwenda Johor kwenye ujenzi. Rosnani ameolewa, na mumewe hapendi mambo haya. Waliobaki wanachonga ngozi uani kwangu kama mlivyokuwa mkichonga ninyi, kila mmoja kikaragosi chake, na nyuma ya shuka kila mmoja anakisemesha lile asiloweza kulisema mezani kwao. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwaambia: nyuma ya shuka hakuna anayeuona uso wako, kwa hiyo sema. Yeh alimsema baba yake msimu mzima, na baba mtu amekaa mbele anacheka mpaka machozi. Kisha siku moja mzee akautambua mwendo wake mwenyewe.

Bi Kuchoka, kikaragosi chako, angali ananing'inia pale ukutani. Hakuna anayemgusa. Wanasema mgongo ule uliupinda wewe na hauuitikii mkono mwingine.

Sasa nije kwenye ugonjwa. Mama yako anasema mikono inakutetemeka, kifua kinabana, unalia bila kisa, na daktari wa kiwanda amekupa vidonge vya kichwa. Acha nikueleze, maana nilikuwa mwalimu na kueleza ndio ugonjwa wangu mimi. Kwetu kila mtu ana upepo wake. Usiuchanganye na pepo. Pepo hutoka nje akamwingia mtu. Upepo umezaliwa nao. Wako ni wa kusema na kuchezesha, kama wa marehemu babu yako. Ukipata njia ya kutokea, mtu ni mzima. Ukizibwa, unazunguka kifuani kama paka aliyetiwa guniani. Dawa yake ni kumkalisha mtu mbele ya ngoma na kumpigia wimbo wake. Upepo ukipanda, anaucheza hadi ashibe, kisha anapigiwa wimbo wa kushusha, anaamka kama aliyetoka kuoga. Nyimbo zako hizo mbili anazijua Pok Jak wa zumari peke yake. Ndiye aliyekuponya ulipokuwa mtoto.

Njoo Idi. Nitaandaa siku tatu. Usikawie, kwani Pok Jak amepata nafasi ya kuhiji mwaka huu, na mtu akienda Makka hajui atarudi na moyo gani.

Mjomba wako,
Deraman


Bweni la wafanyakazi, Pulau Pinang
1 Machi 1992

Kwa mjomba,

Waalaikumu salaam. Shikamoo nyingi, na pole na goti. Mwambie mama wale kuku awapike, kesi iishe.

Mimi sijambo kidogo, na hata hiyo kidogo naitafuta kwa tochi. Kazi yangu ni kuangalia ndani ya hadubini, kushikiza kwenye vifaa vya elektroniki uzi mwembamba kuliko unywele, mmoja baada ya mwingine, bila kusema. Kuongea hakuruhusiwi kwa sababu mate yanaharibu vifaa. Fikiria, mjomba: mimi, nisiseme. Selvi, tunayelala naye chumba kimoja, ananiambia, "Wewe Semah ukilala unahutubia. Jana umemfukuza kazi supavaiza mara mbili. Endelea hivyo hivyo, dada, mchana hatuthubutu."

Idi tumepewa siku mbili tu, na basi la kuja huko na kurudi linazila zote. Nikizidisha, nafasi yangu kuna wasichana wanaisubiri nje ya geti. Nimewaza hivi: Pok Jak apige, wewe urekodi kwenye kaseti, unitumie. Redio ya kaseti tunayo. Bi Kuchoka nitamkata mwingine kwa boksi la kufungia mizigo. Usikatae, mjomba. Nahisi ninakwisha kutoka ndani.

Mpwa wako,
Semah


Kampung Pauh Rendah
20 Aprili 1992

Mpwa wangu Semah,

Salamu na dua. Idi ilipita na kiti chako kikiwa kitupu. Mama yako alikuwekea wali wa majani na kibakuli cha budu, ule mchuzi wetu wa dagaa, kisha akavila mwenyewe kwa hasira.

Nilisita sana kuhusu kaseti. Wimbo wa upepo humtazama mtu usoni. Mpiga zumari akikuona unachoka, anarefusha. Akikuona umeshiba, anakushusha. Kaseti haina macho. Lakini Pok Jak anaondoka mwezi ujao, na wewe unakwisha. Basi nilimwita.

Alikuja, akaizunguka mashine kama anayenunua mbuzi. "Deraman," akasema, "upepo wa mtoto unautia kwenye boksi la biskuti?"

"Wewe puliza tu, Pok Jak."

"Nikipuliza, boksi litacheza?"

"Atacheza Semah."

"Huko Pinang? Basi nivute pumzi."

Alipiga kama kijana. Vijana wa kundi walipiga ngoma. Siku hiyo walikuwa watatu. Mimi nilikaa nimefumba macho, na sijui mara ya mwisho nilisikia zumari namna ile ilikuwa lini.

Sasa sikiliza maagizo. Chagua mchana wa mapumziko. Mtu akae karibu akushike. Usiikatize kaseti katikati, hata mtu akigonga mlango. Kupandisha bila kushusha ni vibaya kuliko kutopandisha kabisa. Anayeachwa juu hana pa kukanyaga.

Mjomba wako,
Deraman


Pulau Pinang
17 Mei 1992

Kwa mjomba,

Salaam. Sitauliza habari za huko, nisamehe, mkono hautulii.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Ilikuwa Jumapili mchana. Tulifunga mapazia, tukafunga shuka kwenye kitanda cha juu, Selvi akashika tochi, Bibah wa chumba cha pili akakaa nyuma yangu. Zumari ilipoanza nilijua mwili umeitambua. Bi Kuchoka wa boksi akasimama, akaanza kusema. Alimsema supavaiza, akaisema hadubini, akayasema macho yetu yanavyopungua, akamsema mama kwa kuniruhusu nije huku. Korido nzima ilijaa wasichana. Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mmoja alikuwa akisema, "Mwambie na langu, mwambie na langu." Nikayasema ya wote. Mjomba, nilikuwa mzima. Nilikuwa juu kabisa, nikisubiri zumari igeuke inishushe.

Kaseti ikasema tak.

Selvi aliigeuza mbio. Upande wa pili nikakusikia wewe, kwenye somo lako la zamani, ukifundisha jiografia kidato cha tatu. Mito ya Kelantan na mahali inapoanzia.

Nilipiga kelele. Bibah naye akaanza, kisha wa mlangoni, kisha korido. Walinzi walipanda, ustadhi akaitwa, akasoma, wenzangu wakatulia mmoja mmoja. Wao walikuwa wamepandwa kwa kuniona tu. Mimi kisomo kilinipita kama mvua juu ya bati. Ofisi imeandika kuwa mimi ndiye niliyeanzisha. Wamenitoa kwenye hadubini, nafungasha maboksi.

Bado niko juu, mjomba. Nala niko juu, nalala niko juu. Nitumie wimbo wa kushusha. Pok Jak apige huo tu, hata kwa ufupi.

Mpwa wako,
Semah


Kampung Pauh Rendah
12 Julai 1992

Mpwa wangu Semah,

Salamu nyingi. Nilipiga simu bwenini wakasema hupokei simu. Barua yako ilifika Pok Jak akiwa keshapanda ndege, ikabidi nisubiri msimu wa hija uishe.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza, na kukieleza hakunisaidii. Upande mmoja wa kaseti una nusu saa. Zumari haina saa. Pok Jak alipiga mpaka mwisho, akakushusha vizuri, nilisikia kwa masikio yangu. Gurudumu la kaseti lilikuwa limesimama zamani. Nilikuwa nimefumba macho.

Aliporudi nilikwenda kwake. Nikamwita Pok Jak, hakuitika. Nikamwita Pok Aji, kwa jina lake jipya la hija, akageuka.

"Najua ulichokuja nacho," akasema. "Kanzu hii umeiona?"

"Nimeiona, imekupendeza. Mtoto yuko juu, Pok Aji."

"Deraman, mikono hii imeshika ukuta wa Kaaba. Niliahidi pale. Sitaita tena upepo wa mtu."

"Siombi uite. Naomba ushushe."

"Pumzi ni ile ile."

"Na kumwacha mtu juu, nako uliahidi?"

Alikoroga chai mpaka ikapoa. "Nitamsomea Yasini kila alfajiri," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia. Kisha akaingia ndani, akaniletea zumari yenyewe, imefungwa kwa kitambaa. "Ichukue. Mimi nikiiona, nitavunja ahadi."

Ninayo hapa. Kila siku najaribu. Kupiga zumari lazima mashavu yawe mfuko, uvute kwa pua huku ukitoa kwa mdomo, sauti isikatike. Mapafu yangu yamemeza chaki miaka thelathini na tano. Kinachotoka ni sauti ya bata. Vijana wawili waliobaki walicheka, nami nikacheka, kisha nikaifunga tena kwa kitambaa.

Njoo nyumbani. Sina wimbo wa kukupa, lakini nina shuka na taa. Kaa nyuma yake useme mpaka ushuke mwenyewe. Sijawahi kuona mtu akishuka hivyo. Hata hivyo njoo.

Mjomba wako,
Deraman


Pulau Pinang
2 Novemba 1992

Kwa Mwalimu Deraman,

Assalamu alaikum. Natumaini wote hamjambo. Mimi sijambo.

Samahani kwa kukaa kimya. Ninapenda kuwajulisha kuwa nimepona. Sitetemeki tena na silii. Sikuona ugonjwa ulivyoondoka. Siku moja niliamka nikasikiliza ndani, hakukuwa na kitu. Wamenirudisha kwenye hadubini, na msimamizi anasema mkono wangu ndio uliotulia kuliko yote kwenye mstari.

Kiwanda kimeanzisha kundi la sanaa la vijana hapa bwenini, ili baada ya zamu watoe yaliyo moyoni. Kuna kwaya, na mashairi kuhusu usalama kazini. Mtu wa ofisi alisikia habari za vikaragosi akaniomba nifundishe. Nilimwambia sijui kitu. Selvi alinitazama sana. Nilipoingia chumbani akaniuliza, "Wewe, siku hizi mbona usingizini husemi?"

Idi ijayo sitakuja, nimejiandikisha ovataimu. Bi Kuchoka mpe mtoto mwingine.

Wasalaam,
Semah binti Hamat


Kampung Pauh Rendah
20 Novemba 1992

Mpwa wangu Semah,

Salamu. Mama yako nimemsomea barua yako. Ameshukuru Mungu kuwa umepona, na mimi sikumweleza kwamba kilichoondoka ni upepo wako.

Umesema Bi Kuchoka nimpe mtoto mwingine. Ijumaa hii nilitandika mkeka, nikafunga shuka, nikawasha taa, nikakaa peke yangu hadi mafuta yakaisha.

Hakuna mtoto mwingine.

Mjomba wako,
Deraman